Bendi ya Kumzika Jogoo

6 Januari

Pili,

Mwandiko huu usikushangaze. Naandika nimeegemea mito mitatu, na kila baada ya mistari miwili naweka kalamu chini nivute pumzi. Daktari ameacha kunizungusha. Amesema mapafu yamekwisha, kasema wazi, nikampenda kwa hilo. Siku hakutaja. Binti yangu hulia jikoni huku amefungua bomba la maji, akidhani sitamsikia, kana kwamba na masikio nayo yamekwisha.

Nina ombi moja tu. Sisi watano wa bendi ya kiwanda cha magunia tumezikana kwa ule wimbo wetu. Mwenye besi tulimpigia wanne. Mwenye tromboni tulimpigia watatu. Kwa mwenye ngoma tulisimama mimi na wewe tu, jua la saa nane, miguu inatetemeka, na bado tuliumaliza. Nataka na mimi niende hivyo. Sitaki redio, wala kwaya ya watu nisiowajua.

Niambie kweli, bila zile mbwembwe zako. Mdomo wako bado unashika?

Jogoo

*

14 Januari

Jogoo, ndugu yangu,

Pole sana. Barua yako nimeisoma nimesimama, nikaisoma tena nimekaa. Halafu nikajiuliza, huyu nani kamfundisha kunitilia shaka?

Mdomo wangu ni chuma. Juzi nimepiga hapa uani, mbwa wa mtaa mzima wakaitikia. Tena sitakuja peke yangu. Nina watu wanne ninaowafundisha, kila Jumamosi, na wananiogopa kuliko tulivyomwogopa yule msimamizi wa zamu mwenye filimbi. Bendi nzima itasimama: besi, tromboni, ngoma, matarumbeta mawili. Utazikwa kama waziri. Wewe pumzika tu, hayo mengine niachie mimi. Lini nimewahi kukuangusha? Hapana, hilo usilijibu.

Wako,
Pili

*

15 Januari

Mke wangu mdogo wa matbaani,

Babu yako hajambo, anakula na anagomba kama kawaida. Ile kompyuta uliyoniachia sebuleni ipo, nimeifunika kitambaa cha meza, haijala vumbi hata punje. Sasa nataka kuitia kazini.

Nimesikia siku hizi mnaweka vyombo vya muziki ndani ya kompyuta, mtu mmoja akawa bendi. Wewe mwenyewe hufanya hayo chumbani kwako kila Jumapili, mama yako alishanilalamikia. Basi nataka matarumbeta mawili, tromboni, besi na ngoma. Ni mchezo tu wa mzee, kukaa bure kumenichosha.

Mwenye duka la kompyuta karibu na posta anasema ipo programu ya wanamuziki themanini, ina na vinubi, bei yake pensheni yangu ya miezi mitano. Nimemwambia aniwekee. Babu yako si mtu wa kupiga na watu wachache. Kama hukuambiwa, mimi ndiye niliyekuwa tarumbeta la kwanza la bendi ya kiwanda, wengine walinifuata kama mabehewa. Shule niliishia darasa la tatu, lakini nipigie wimbo mara mbili, mara ya tatu nakupigia mimi.

Nijibu upesi. Nimesema upesi.

Babu yako,
Tarumbeta la Kwanza

*

25 Januari

Babu, mume wangu mbishi,

Shikamoo. Rudi dukani leo hii umwambie huyo bwana asiweke chochote. Kompyuta ile ina kumbukumbu ndogo. Wanamuziki themanini wakiingia humo itazimika hata hawajapata pa kukaa. Na wewe unahitaji watano. Vinubi utavilipia vya nini?

Kwenye hii flash nimekuwekea programu ya kurekodia, ya bure, hiyo hiyo ninayotumia mimi. Tromboni, besi na ngoma nimekuchagulia za bure pia, na si mbaya. Tarumbeta ndilo gumu. Kwenye kompyuta kinanda hudanganya watu, hata ngoma hudanganya, lakini kitu cha kupulizwa kinajulikana mara moja kwamba hakuna mtu nyuma yake. Kwa hiyo nimeweka matatu uchague mwenyewe. La kwanza ni la bure. La pili ni bei ya viatu vya mtumba, nimeshakulipia. La tatu ni ghali sana, hilo nimeweka la majaribio tu, wala usiahidi mtu hela.

Usiyahukumu kwa nyimbo za maonyesho zilizokuja nayo, hizo zimepambwa. Piga wimbo wako mwenyewe, polepole, kwa sauti ya chini, noti ndefu. Kwenye mwendo wa haraka kila tarumbeta ni zuri. Ndani ya boksi lililokuja na barua hii kuna kinanda kidogo cha kuchomeka, funguo ishirini na tano. Ukibonyeza taratibu ala inalia taratibu, ukigonga inapiga kelele. Ukishachagua moja, baki nayo. Mimi nilipoteza mwaka mzima nikikusanya ala mia tatu za bure, na mwaka huo sikumaliza hata wimbo mmoja.

Sasa nieleze, babu. Kama ni mchezo, "upesi" ya nini?

Mjukuu wako

*

9 Februari

Mke wangu mdogo,

Nimeyapima yote matatu kama ulivyosema, wiki nzima, asubuhi na jioni, mpaka jirani ameuliza kama nimefungua shule.

Lile la bure ni honi ya lori. Nimelifukuza.

La viatu vya mtumba lina sauti nzuri, ya kikohozi kidogo, kama chombo kilichotumika. Lakini halina adabu. Nilibonyeza noti moja, nikaweka kitabu juu ya ufunguo, nikaenda jikoni kutazama maji ya chai, nikamimina, nikatia sukari, nikarudi, bado linapuliza! Mtu gani huyo? Mapafu yake yako wapi? Nikamwambia, wewe hukufundishwa na mimi.

Sasa lile la tatu, hilo ndilo mtu. Linapiga vizuri, halafu baada ya muda linanyamaza kidogo, linavuta pumzi, linaendelea. Mara ya kwanza nilisimama. Nikasema huyu aliyetengeneza hii amewahi kupiga tarumbeta, tena pengine ana kifua kibovu kama cha rafiki yangu mmoja. Wimbo wote anavuta pumzi mara nne. Mimi nalitaka hilo. Bei haijalishi, nitauza baiskeli.

Babu yako,
Tarumbeta la Kwanza

*

17 Februari

Babu,

Shikamoo. Nimecheka hapa matbaani mpaka msimamizi akasimamisha mashine akidhani nimekatwa kidole. Kisha nikasoma tena nikaacha kucheka.

Ile si pumzi, babu. Ni kampuni inakukatia sauti kila baada ya dakika moja ili uchoke ulipe. Ukilipa litapuliza bila kukoma kama mwenzake. Baiskeli iache.

Chukua lile la viatu vya mtumba. Pumzi utaitia mwenyewe. Kwenye programu kila noti inaonekana kama kipande cha mkanda. Shika mwisho wa noti kwa kipanya, ivute nyuma kidogo, ubaki mwanya kabla ya inayofuata. Wewe unajua mpigaji anachoka wapi. Hakuna ala hata ya mamilioni inayojua hilo.

Umeandika "rafiki yangu mmoja" mwenye kifua kibovu. Nilimuuliza mama kwenye simu. Amesema Jogoo anaumwa, na kwamba yeye na binti wa Jogoo huongea karibu kila siku. Amesema pia kwamba meno yako manne ya mbele yalitoka mwaka juzi na hutaki tuyazungumze. Basi siyazungumzi. Nauliza tu, hii bendi ni ya nani?

Mjukuu wako

*

26 Februari

Jogoo, ndugu yangu,

Ndani ya bahasha hii kuna flash. Mwambie binti yako aichomeke kwenye kompyuta yake, asikae karibu sana, asije akasikia kelele akashtuka. Ni mazoezi ya watu wangu. Wimbo wote, toka mwanzo hadi mwisho, bendi kamili. Huyo wa nafasi yako nimemsumbua sana, pumzi zako zote nimemfundisha, hata ile uliyokuwa ukiiba katikati ukidhani hatuoni. Sijui kama utamjua ni yeye au ni wewe.

Wanasubiri tu niwaambie twende.

Pili

*

6 Machi

Pili,

Nimesikiliza. Mara tatu. Binti yangu alinishika mgongo nisianguke.

Ya kwanza nililia. Ya pili nikasikiliza kwa sikio la kazi. Watu watano na hakuna aliyekosea hata mmoja? Hakuna aliyeburuza mguu, aliyetema mate, aliyechelewa kwa sababu mkanda wa ngoma umemkata shingoni? Hao si watu wako, Pili. Hao si watu. Binti yangu ameniambia kuhusu kompyuta, na meno pia ameniambia, aliyajua kabla sijakuandikia Januari. Mimi ndiye niliyekuwa sijui. Ningejua nisingekuuliza swali lile la mdomo. Nisamehe.

Lakini lile jingine sikusamehe. Umenipigia nafasi yangu. Umempigia mwenye besi, na mwenye tromboni, na mwenye ngoma. Tulikubaliana nini siku ile tunarudi kumzika mwenye besi, tumekaa juu ya ukuta wa kiwanda, viatu tumevivua? Kila anayekwenda anakwenda na sauti yake. Hatuweki mtu mahali pake. Tunapiga kana kwamba yupo, na pale pake panabaki wazi, watu wasikie ni kiasi gani kimepungua. Wewe ndiye uliyesema hivyo, si mimi. Ni neno moja la maana ulilowahi kulisema, na umelisahau.

Kwa hiyo hao wanne waache nyumbani. Nipigie sauti yako tu, ya pili. Kwa mdomo huwezi, najua. Ipige kwa hicho chombo chako, si neno, ni vidole vyako.

Halafu nikuambie kitu. Miaka arobaini nilisimama mbele yako na sikuwahi kuisikia sauti yako vizuri. Nilikuwa nimeikanyaga. Kwenye flash yako, mara ile ya tatu, nilijaribu kuisikiliza hiyo tu, nikaikosa. Huyo tarumbeta wako wa bandia naye ameifunika, kama nilivyoifunika mimi.

Ukija na lile kundi, naapa nitakaa kitako ndani ya jeneza.

Jogoo

*

11 Machi

Jogoo,

Miezi miwili mgongo wangu haujakaa sawa kwa ajili yako. Macho yanatoka maji. Nimejifunza mashine uzeeni, mimi, mtu wa darasa la tatu, na wewe umelala kwenye mito mitatu unanitolea kasoro! Unataka nisimame mbele ya watu wote na sauti ya pili tupu? Pa, pa, kimya, pa? Watanicheka. Watasema mzee kasahau wimbo. Sauti ya pili haisimami peke yake, unalijua hilo, ulikuwa ukinitania kwa hilo kwenye kila safari.

Tafuta mtu mwingine. Mimi siji.

Pili

*

13 Machi

Mjukuu wangu,

Leo sina utani.

Barua imeshaondoka na basi la jana, na tangu iondoke sijala vizuri. Nimemwandikia Jogoo maneno ya ovyo. Bendi hii ni ya kumzika yeye, uliuliza nami sikukujibu. Nilimwahidi watu wanne ambao hawapo, ndiyo maana nikaja kwako na haraka zangu. Sasa amejua, na hawataki. Anataka sauti yangu tu, nafasi za wengine zibaki wazi, kama tulivyofanya kwa wote.

Tena nikueleze na hili, maana utaliona mwenyewe kwenye kompyuta. Mimi sikuwa tarumbeta la kwanza hata siku moja. La kwanza alikuwa yeye. Mimi nilikuwa la pili, ndiyo maana wananiita Pili. Kazi ya la pili ni kushika chini. La kwanza likipanda wewe unabaki, likinyamaza unaziba. Ukifanya kazi vizuri hakuna mtu anayekusikia, ila ukikosea wanageuka wote. Nilikuwa mzuri sana kwa kazi hiyo, nakwambia kweli. Hakuna aliyewahi kugeuka. Lakini utamwambiaje mtoto wa mtoto wako kwamba ulikuwa hodari wa kutosikika? Ndiyo nikajipandisha cheo.

Sasa nifanyeje kuwatoa wale wanne? Nilitaka kuwafuta, mkono ukakataa. Nimekaa nimeshika kipanya asubuhi yote.

Babu

*

19 Machi

Babu yangu,

Shikamoo, na pole.

Usifute mtu. Kila mstari kwenye programu una kitufe kidogo upande wa kushoto, kina picha ya spika. Kibonyeze, spika itachorwa alama ya kukatwa, na mstari huo utanyamaza. Noti zake zote zitabaki pale pale, utaendelea kuziona zikipita, ila hazitalia. Fanya hivyo kwa mistari minne. Wako uache.

Kisha usisogeze noti zako kujaza mianya. Najua mkono utakuwasha. Kimya ni kimya, kiache na urefu wake. Ukimaliza, toa wimbo kama faili moja, uweke kwenye flash. Spika yoyote ya betri itausoma, huhitaji kubeba kompyuta.

Nimefungua nakala ya kazi yako uliyoniletea mwezi uliopita, nikanyamazisha wanne, nikakusikiliza wewe. Nilidhani sauti ya pili ni wimbo wa kwanza uliopunguzwa. Kumbe ni wimbo mwingine.

Mwandikie leo hii. Usingoje basi la wiki ijayo.

Mjukuu wako

*

4 Aprili

Mjukuu wangu,

Sikumwandikia. Barua yako ilifika Jumatatu, nikafanya kazi usiniulize saa ngapi, nikasema kesho nitapeleka flash mwenyewe, nimpigie dirishani. Jumanne asubuhi mama yako akapiga simu.

Nilikwenda. Nilibeba spika ya betri ya jirani, nimeipakata kwenye basi, saa sita nzima, mtu wa pembeni anauliza ni ya mahubiri? Nikamwambia ndiyo.

Binti wa Jogoo alinipokea getini. Jambo la kwanza nililomuuliza si pole, Mungu anisamehe, nilimuuliza, "Ile barua yangu ilifika?" Akasema ilifika, na alimsomea yeye mwenyewe, siku tatu kabla hajafariki. Nikauliza, "Alisemaje?"

Akasema, "Baba alicheka mpaka tukamwekea hewa. Alisema, 'Akisema haji, mtengenezeeni kiti.'"

Na kweli kiti kilikuwepo. Kwenye mstari wa kwanza, kina mto.

Walipomshusha walinipa nafasi. Nilisimama, nikaweka spika juu ya kiti, mimi nikabaki nimesimama. Watu wengi, nusu yao waliujua ule wimbo kwa kuusikia kwenye misiba yetu, wanaungoja. Nikabonyeza. Likaanza lile tarumbeta la viatu vya mtumba, sauti ya chini, peke yake. Nilitazama chini, nangoja mtu acheke. Hakucheka mtu. Niliwasikia wakitafuta wimbo uko wapi, unajua mtu anavyoinamisha kichwa. Halafu wakaanza kuupata. Mjane wa mwenye ngoma alikuwa akipiga vidole pajani, akipiga zile za mume wake, pale pale penyewe.

Ulisema kweli, usiku ule kwenye kompyuta mkono uliniwasha kujaza. Sikujaza.

Katikati kuna mahali Jogoo hupanda peke yake, wote tunamwachia. Hesabu thelathini na mbili. Hapo spika ikanyamaza kabisa. Upepo tu, na mtu mmoja anakohoa. Wachimbaji wakaona imekwisha, wakainama wakashika makoleo, mmoja akachota udongo.

Nikainua mkono. Nikasema, "Bado. Hapa anapiga yeye."

Akaurudisha ule udongo polepole. Watu wote wakasimama kimya, hata watoto. Nikahesabu kwa mguu mpaka thelathini na mbili, kisha nikaingia na sauti yangu ya pili.

Babu yako,
Pili